Viwiko

Kanisani Bweri, vijana walikuwa kwenye mazoezi ya igizo la Ijumaa Kuu, na kamba za kijana aliyeigiza Yesu zilikuwa zinalegea.

“Hamjui kufunga mtu,” alisema mume wa Pelagia, mzee mpole asiyependa maneno. Alivuta mikono ya kijana huyo nyuma mpaka viwiko vikagusana, akakaza fundo kwa meno.

Pelagia, aliyekuwa akiimba na kwaya, aliacha kuimba.

Zamani, baba yake alichukuliwa Kampala na makachero wa Idi Amin, maiti yake ikaokotwa msituni, viwiko vimefungwa hivyohivyo. Walipokutana, mumewe alimwambia kwamba yeye pia aliwakimbia watu hao.

“Baba Yunis, nani alikufundisha kufunga hivyo?”

“Tulifundishwaga wote kazini, kule Kampala,” alijibu mzee, akiwa bado ameuma kamba. Halafu akaiachia.