Sauti Iliyokuwa Kwenye Kompyuta

"We fundi Fikirini, nilikupa kompyuta utengeneze, nani alikutuma ubadilishe?" Jirani yake, mama mjane, alifoka kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa, na nusu ya mtaa wa Rwamgasa ilishatega masikio.

"Mama, Windows mpya haikubali mashine ya zamani hivi. Nimeifungia Linux, mfumo mwingine mwepesi. Ona inavyopaa!"

"Ipae iende wapi? Mimi nataka sauti ya mume wangu."

Fikirini akaacha kucheka. "Sauti gani, mama?"

"Aliyoirekodi siku ile kabla hajashuka duarani kuchimba dhahabu, anawaimbia watoto Kisukuma. Simu ilifukiwa naye huko chini, sauti imebaki humo kwenye kompyuta tu. Leo tunamaliza matanga, wakwe wanataka kuisikia."

Fikirini alifungua folda moja kwenye kompyuta, ya pili, ya tatu. Tupu. Hapo akakumbuka swali lililotokea juzi wakati anafunga mfumo: diski yote ifutwe? Alibonyeza ndiyo bila kusoma, huku akibishana na wateja habari za Simba na Yanga.

Kidole kilekile sasa kilibonyeza kitufe cha kutafuta, tena na tena.

"Ipo?" Mama aliuliza, sauti imeshuka.

"Bado... bado inatafuta, mama."

Mjane akatabasamu, akamfungulia kigeti.

"Basi itatafuta ukiwa umeshiba. Unisamehe kwa kelele zangu, baba. Wakwe wote wameshakaa mkekani, wanakungoja wewe tu. Njoo nayo ndani, tule."