Mlango wa Kushoto

Enzi hizo marehemu wote waliishi ndani ya mchezo wa kompyuta wa kuruka vikwazo, na jamaa zao waliwatembelea kupitia runinga ya sebuleni. Kila asubuhi Nyamizi alichambua mchicha huku akiongea na mama yake. Katika toleo la majaribio la mchezo huo kulikuwa na mlango mdogo upande wa kushoto. Mama akichoka kuruka mashimo, alitoka zake akaenda kukaa kwenye bustani ambayo mchoraji hakuimalizia, yenye miti isiyo na majani.

Asubuhi moja toleo kamili liliwashwa. Mawingu yalipendeza kweli, lakini palipokuwa na mlango sasa palikuwa na ukuta.

“Mwanangu, nifungulie,” mama alisema huku akiruka. “Miguu imeniisha nguvu.”

Nyamizi aliwapigia simu watengenezaji wa mchezo, roho juu.

“Ule mlango ulikuwa kasoro, dada,” mhudumu alimjibu kwa upole. “Wewe mwenyewe ulituandikia: ‘Mama anatokatoka, kila nikiwasha simkuti.’ Tumeshaurekebisha.”

“Urudisheni basi!”

“Hili ndilo toleo la mwisho, dada.”

Kwenye runinga mama alikuwa akigonga ukuta. “Hodi wenyewe!” Akaruka shimo, akarudi, akagonga tena. Nyamizi alifungua kinywa aseme “Karibu,” akakifunga.