Tumbo la Herieth

Kuni zilikuwa mbichi. Kabla hakujapambazuka Herieth alimsikia bibi yake, Ernesta, akipuliza moto jikoni, fuu, fuu, kisha akakohoa ndani ya khanga ili asimwamshe.

Herieth alikuwa macho. Tumbo lilikuwa limemvimba tangu msimu wa maharage, mikono imebaki mifupa. Pale kijijini Kumsenga walisema ana mimba. Miezi kumi ikapita, mtoto hakuja. Zahanati ilimtibu taifodi, kisha minyoo, kisha vidonda vya tumbo. Mjini Kibondo, Daktari Nathaniel ndiye wa kwanza aliyemwekea mto kichwani kabla ya kumgusa.

"Naona kama TB ya tumbo," alimwambia Bibi jana yake. "Ila msichana hakohoi, na picha haisemi kitu. Mtaalamu wa kukata kipande cha nyama ya tumboni akipime yuko Kigoma."

"Kigoma hatufiki, mwanangu. Mpe dawa tu."

"Nikikosea, ini lake litaharibika. Nileteeni makohozi ya asubuhi, nione."

Asubuhi yenyewe ndiyo hii. Herieth alijikamua kukohoa mpaka jasho likamtoka. Mate matupu. Bibi alimfuta uso, akachukua kikopo cha hospitali.

"Pumzika, mjukuu wangu. Nitakipeleka hivyohivyo."

Jibu lilitoka siku ya tatu: wadudu wa TB wamejaa. Daktari alishangaa, akamwanzishia dawa siku hiyohiyo.

Kufikia mwezi wa nne tumbo lilikuwa limenywea, na Herieth anachota maji mwenyewe. Aliyekonda sasa ni Bibi. Majirani walisema ni uzee, na kuuguza kunachosha. Alihamishia mkeka wake jikoni, akawa anakula huko peke yake, kwa sahani yake.

Siku moja akaja nesi Badru wa hospitali, mtu wa Tanga, amesukuma baiskeli mlima mzima. Herieth alikuwa nyuma ya ukuta akimenya mihogo, akawasikia.

"Nyumba yenye TB tunapima wote, bibi. Tema humu kidogo."

"Kikohozi changu ni moshi tu, baba."

"Moshi gani huo wa kumkondesha mtu hivi?"

Bibi aligeuka kuangalia mlangoni. Kisha akashusha sauti.

"Makohozi yangu mlishayapima, mwanangu, kwa jina lake. Usimkatize dawa. Njoo tena akishazimaliza."