Kikombe cha Mzee wa Kitale

"Mama, si tuanze na bei tu," mnunuzi wa mahindi kutoka Kitale alisema, bado amesimama mlangoni.

Emmy alikuwa ameshamimina chai. Kwa miaka mingi, marehemu baba wa huyu kijana alifika hapa Kamukuywa, akaketi, akamaliza chai katika kikombe hiki hiki cha bati, akauliza hali ya kila ng'ombe kwa jina. Bei ilikuja mwisho, akishaaga.

Emmy akairudisha chai kwenye chupa, polepole. "Basi siuzi."

Kijana akakitazama kile kikombe cha bati, kilichobanduka rangi ukingoni. Akavuta kiti, akaketi.

"Mama, Nafula wa pembe moja bado yuko?"

Nafula alikufa kitambo. Emmy akaifungua chupa tena.