Punguza Afrika

"Bi Sikudhani, hapa umeharibu," alisema mwalimu mkuu, akiigonga ramani ya kitambaa iliyotandazwa juu ya cherehani. "Afrika yako imefura. Kitabuni inalingana na Grinlandi."

"Mimi mshona kofia, mwalimu. Kitu cha mviringo ukikilaza, lazima ukikate au ukivute. Hicho kitabu chenu kimeivuta Grinlandi. Mimi nilipima kwa futi hii kwenye tufe la dunia la ofisini kwako. Grinlandi inaingia humu mara kumi na nne!"

"Watoto watatahiniwa kitabu au kofia? Punguza."

Neno hilo Bi Sikudhani alilisikia kila siku kwa wateja wake wa nguo: punguza kiuno, punguza mikono. Lakini hapo huwa nguo ndiyo imemzidi mtu. Leo mwili wenyewe ulitakiwa ukatwe uenee kwenye nguo.

"Nipunguze wapi?"

"Popote. Pembeni."

Alichukua mkasi akaizunguka Afrika yote akikata ukingo wake, mwalimu akimsimamia mpaka mwisho. Kisha mwalimu akaikunja ramani yake, akatoka huku akikanyaga mabaki sakafuni.

Bi Sikudhani aliinama, akaokota kipande kimoja cha pwani. Alama ya kiatu ilikuwa imekaa juu ya kitone cha uzi mwekundu, alichokuwa amekitarizi kuonyesha mji wao.