Mkasi wa Programu Mpya

Tangu milango ianze kuwafungulia wale tu waliomo katika picha ya familia, Bi Saumu aliitunza picha yake kama mboni ya jicho. Leo programu mpya ya picha ilikuwa imezihamisha zana zote. Alitaka kupunguza kiza usoni pa mumewe tu; mkono wake, uliozoea kuanzia kulia kama alivyosomeshwa Kurani chuoni, ukagusa mkasi uliohamishiwa huko. Maalim Khatibu akatoweka pichani.

"Ya kurudisha wameificha wapi, jamani?" alifoka, akipekua kila pembe ya kioo cha simu.

Hodi ikasikika. "Saumu, fungua! Nimeshaswali, njaa inaniuma."

"Subiri, mume wangu, natafuta zana!"

Mlango ukajibu kwa adabu: "Nyumba hii haina mume."

Huko nje, baada ya miaka arubaini ya ndoa, Maalim akaanza kujitambulisha kwa jina la baba na babu, kama mgeni.