Mrusho Kutoka Ukutani

Corliss, mwanamke msaka vipaji wa timu, alichuchumaa mahali pa mpigaji, glovu mkononi, simu ikiwa hewani juu ya nyasi zilizoganda.

"Majira haya ya baridi soko la besiboli limejaa walinzi wa nyuma," bosi alinguruma simuni, "na wewe unaniletea mgonjwa wa bega! Akishindwa huyo, na wewe huna kazi."

"Sawa, bosi."

Kule mbali, chini ya ukuta wa uwanja, anakosimama mlinzi wa nyuma kudaka mipira ya mbali, mchezaji huyo alipuliza vidole. Tangu apasuliwe bega, hakuna aliyemwona akirusha kwa nguvu zote.

"Mama, usije ukanilaumu!" alimpazia Corliss sauti.

"Rusha, bwana wee! Unangoja niote mizizi?"

Akakimbia hatua chache, akaachia. Mpira ulikuja chini chini, umenyooka, haukugusa ardhi hata mara moja. Corliss hakuhitaji kusogeza mkono. Ulitua kwenye glovu kwa kishindo, kiganja kikawaka moto mpaka kwenye kiwiko.

"Kitu gani kimelipuka hapo?" bosi aliuliza, sauti imeshuka.

Corliss alivua glovu. Kiganja kilikuwa chekundu, kimeanza kuvimba. Akakitazama akicheka, machozi yakimlenga, kisha akavaa glovu tena.

"Rudia!" alimpigia kelele mchezaji. "Bosi anataka kusikia!"